Kila Anayetajwa Lazima Aone

Mume wangu si mtu wa maneno. Nilijua hivyo tangu ananichumbia na sikulalamika, maana mimi nina maneno ya kututosha wote wawili na yanayobaki nawagawia majirani. Umuulize kama chakula kimekolea, atasema "mm." Umwambie bati linavuja, "mm." Kuna mm ya ndiyo, kuna mm ya hapana na kuna mm ya niache nilale, na zote nazijua kama ninavyojua vichwa vya wateja wangu wa saluni. Sasa fikiria mwenyewe nilivyojisikia mchana ule nilipompelekea chakula kazini, nikafika mlangoni nikamkuta anaongea. Sisemi anajibu, nasema anaongea. Sentensi inafuata sentensi, na katikati anacheka.

Kazi yake ni kutengeneza miguu ya bandia. Karakana yao iko nyuma ya hospitali, chumba kirefu ambacho kila kitu ndani yake kimepakwa vumbi jeupe la plasta, na ukutani miguu imening'inizwa kwa mistari, ya watu wazima juu, ya watoto chini. Alikuwa amekaa kwenye benchi, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye kola ya shati nililolipiga pasi mimi. Mbele yake alikuwa yule mwanamke wa filamu, amekaa kwenye kigoda, kamera pembeni yake inawaka taa nyekundu, anamsikiliza habari za kupima kisigino kana kwamba hajawahi kusikia jambo tamu zaidi duniani. Niliona wivu hapo hapo, sifichi. Niliweka hotipoti mezani kwa kishindo, nikasema chakula hicho, nikageuza.

Mwanamke huyo tulimwita Bi Kamera. Alikuja kutengeneza filamu ya watu wanaopoteza miguu na mafundi wanaowarudisha kwenye kutembea. Filamu ya kweli, si maigizo. Kabla hajawasha chochote alikuja nyumbani, akakaa sebuleni kwetu, akatueleza taratibu zake moja baada ya nyingine, mpaka nikaanza kupiga miayo. Alisema kila asubuhi ataomba ruhusa upya, kwamba ndiyo ya jana haimfungi mtu leo. Alisema mtu akikataa amekataa, hatambembeleza. Tena, kabla filamu haijakamilika, kila anayeonekana ndani yake, na hata yule anayetajwa tu, lazima akae chini aone sehemu yake, peke yake kama anataka, na akisema toa, inatolewa bila kuulizwa sababu. Mimi nikamwambia kwa upande wangu asihangaike, sitaki kupigwa picha, umaarufu wa mtaani unanitosha. Akasema sawa, na kweli hakunielekezea kamera hata siku moja. Mume wangu akasema mm.

Nilidhani ni maneno ya kutafutia kazi. Lakini kulikuwa na dereva mmoja wa lori, amekatwa mguu, wamempiga picha wiki kadhaa tangu anapimwa mpaka anasimama. Siku moja akasema amebadili mawazo, hataki watoto wake wamwone anavyoanguka. Bi Kamera akamtoa kabisa kwenye filamu, na kesho yake akamsalimia vilevile, akamshikia mlango. Mume wangu ndiye aliyenisimulia hayo, mezani, bila kuulizwa. "Ana heshima yule," akasema. Roho iliniuma. Katika ndoa yetu yote sijawahi kumsikia akimsifu mtu bila kusukumwa, na mimi niliyemfulia na kumzalia sijawahi kupata hata nusu ya sifa hiyo.

Wifi yangu, dada yake mume wangu, hakunisaidia. Wifi ni mtu wa kupuliza moto halafu akae mbali aote. Alikuja saluni kuosha nywele, akalaza shingo kwenye beseni, akasema eti amepita karakana akamkuta kaka yake anacheka meno nje, na akaniuliza nimemlisha nini siku hizi. Wateja wakacheka. Na mimi nikacheka, kicheko cha kujikaza, huku nammwagia maji ya moto kidogo kuliko inavyotakiwa. Akaruka. Nikamwambia pole wifi, bomba hili halisikii.

Jioni hiyo nilimbana mume wangu. Nikamuuliza yule mwanamke anamlipa nini mpaka amtolee maneno ambayo mimi nimeyangoja tangu nikiwa mwembamba.

"Ananiuliza," akasema.

"Na mimi sikuulizi?"

Akafikiri kidogo, kwa uaminifu wake ule unaokera. "Unauliza na unajibu mwenyewe."

Sikusema naye siku mbili, na kilichoniuma zaidi ni kwamba sina hakika kama alitambua.

Siku moja Bi Kamera mwenyewe akaja saluni, anataka kusukwa. Nilimtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Nikamkalisha, nikaanza. Nilizivuta nywele zile mpaka nyusi zikapanda, akavumilia, hakusema hata ashh. Kwenye kioo changu nimebandika picha ya kifungua mimba wetu, mtoto wa kiume, aliyefariki akiwa na miaka minne. Nilimwona anaitazama. Nikaona nimweleze, maana nilitaka ajue kwamba katika nyumba ile yapo mambo makubwa ambayo yeye na kamera yake hawayafikii. Nikamwambia kwamba alipatwa na homa kali, tukalazwa, nikakaa naye usiku kucha, na mchana nilipokwenda nyumbani mara moja kuoga akaondoka akiwa usingizini. Hakuamka. Baba yake alikuwa naye na ndiye aliyeniambia. Nikamwambia hicho ndicho kinachonipa nguvu mpaka leo, kwamba mwanangu hakuamka akanitafuta akanikosa.

Bi Kamera akainamisha kichwa, msuko ukaniponyoka. Akasema pole sana, sauti haikutoka vizuri. Nikadhani ni huruma. Nikajiona nimemshinda kidogo, na msuko uliofuata nilimlegezea.

Miezi ikapita. Akawa haji tena karakana, yuko chumbani kwake anaunganisha filamu, na mume wangu akarudia mm zake. Nilianza kupumua. Ndipo akatokea saluni asubuhi moja, hakutaka kukaa, akaniomba tutoke nje kidogo. Tukasimama kwenye kibaraza karibu na taulo zangu zilizoanikwa. Akaniambia kuna sehemu ambayo mimi natajwa. Mimi na mtoto.

Nikamuuliza mtoto gani, ingawa nilijua.

Akasema lazima nione kabla ya mtu mwingine yeyote kuona. Naweza kwenda na mume wangu au peke yangu. "Halafu nataka ujue jambo moja sasa hivi, usije ukalisikia baadaye ukadhani nilikuficha," akasema. "Sehemu hiyo ndiyo moyo wa filamu. Ukisema toa, kazi yangu ya mwaka mzima inakuwa kitu kingine kabisa. Lakini mzigo huo ni wangu, usiubebe wewe."

Nikamwambia wala sina mpango wa kuubeba. Moyoni nilifurahi, na nasema ukweli wangu. Kitakachokuwemo humo sikukijua wala sikukijali. Neno toa lilikuwa limeshanikaa kwenye ncha ya ulimi, tamu, na nilitaka kumtazama usoni wakati nalisema. Nikavua aproni palepale, nikamwachia msaidizi wangu wateja, nikamfuata.

Alikuwa amepanga chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya umeme. Kitanda, meza, kompyuta, waya kila mahali. Akafunga pazia, akanipa vile vya kuvaa masikioni, akanionyesha kitufe cha kusimamisha, akakaa mbali nyuma yangu ili asinitazame. Nikabonyeza.

Mume wangu akatokea, mkubwa kuliko alivyo. Mikono yake ina plasta mpaka kwenye viwiko. Alikuwa ameshika mguu mdogo wa bandia, wa mtoto, anausugua kwa msasa, na anaongea bila kuinua macho. Alisimulia mwanetu alivyozaliwa na mguu uliopinda na jinsi yeye mwenyewe alivyomtengenezea kiatu cha chuma na ngozi cha kunyoosha mguu, cha kuvaa hata kitandani. Hayo niliyajua. Nilimtazama tu anavyoyasema, yanavyomtoka laini, nikawa nasaga meno.

Halafu akasema, "Mke wangu nilimwambia nenda ukaoge, mimi nipo. Akaenda. Hajafika hata getini, mtoto akaamka."

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nikasikiliza tena, maana nilidhani masikio yamenidanganya.

"Mtoto akaamka. Mke wangu nilimwambia hakuamka. Miaka tisa namwambia hivyo." Akaweka msasa chini. "Akasema mguu unawaka moto. Akasema nataka mama aje anivue kiatu. Kiatu nilichokitengeneza mimi, kila skrubu yake naijua. Nikaanza kufungua zile kamba. Akalia. Akasema, wewe hujui, mama ndiye anajua."

Nilivivua vile vitu masikioni nikavitupa mezani. Mume wangu akaendelea kusogeza midomo bila sauti. Sikutaka kumtazama, nikaifunika kompyuta kwa kiganja kama mtu anayefunika jicho la mwingine.

Nikageuka. Nikamuuliza Bi Kamera, kwa upole ambao uliniogopesha mwenyewe, maneno hayo ameyasikia lini. Akasema kabla ya ile siku aliyokuja kusukwa.

"Kwa hiyo ulikaa kwenye kiti changu," nikasema. "Kichwa chako kiko mikononi mwangu. Nakwambia mwanangu hakuamka, na wewe unajua aliamka, unajua aliniita, na umekaa kimya."

"Ndiyo."

"Haki hiyo alikupa nani?"

Akasema alikwenda kumuuliza mume wangu siku ileile jioni kama naweza kuambiwa, na mume wangu akamjibu bado. Akasema siri ya mtu hawezi kuibeba mpaka kwa mwingine kabla mwenyewe hajaruhusu, kwamba yalikuwa maneno ya mume wangu kwanza. Nikamwambia maneno ya mwanangu akiniita mimi ni yangu kwanza na ni yangu mwisho, na yeye ni mpita njia aliyeokota mzigo wa watu. Hakujitetea tena. Ningependa angejitetea, nilikuwa na mengi ya kumwambia.

Nilishuka ngazi zile sijui kwa miguu ya nani. Nilivuka barabara, nikapita geti la hospitali, nikapita foleni ya dawa, watu wananisalimia siwaoni. Hapo kilichokuwa kinanichoma hakikuwa uongo wa mume wangu. Hasira yake ilikuwepo, ikisubiri zamu. Kilichonichoma ni kwamba miaka tisa nalala ubavuni kwake, shuka moja, na neno hilo halikunifikia, halafu anakuja mtu na begi begani, anakaa kwenye kigoda, anapewa. Anapewa mwanangu.

Nilimkuta anakoroga plasta kwenye ndoo. Bi Kamera aliingia nyuma yangu, anahema, hana kamera.

"Kwa nini yeye?" nikamuuliza. Nilikuwa nimeandaa matusi njia nzima, lakini nilipofungua mdomo hilo ndilo lililotoka. "Niambie tu kwa nini yeye na si mimi."

Mume wangu akamtazama Bi Kamera, akanitazama mimi. Akaelewa. Akaacha mti ule wa kukorogea ndani ya ndoo, ukazama polepole.

"Sikuwa nazungumza na yeye," akasema.

"Na nani basi, ukuta?"

"Na wewe." Akafuta mikono kwenye suruali, akaichafua. "Siku ya kwanza pale nyumbani alisema kila anayetajwa lazima aone. Lazima. Nikawaza, mimi kila nikianza nashindwa. Nikikuanzia utaniuliza, utalia, nami nitanyamaza. Huyu atakukalisha. Atafunga mlango. Utasikia mpaka mwisho, na mimi sitakuwepo kukukatiza wala kukimbia. Nikatafuta siku, nikasema."

Nilimtazama Bi Kamera bila kukusudia. Uso wake ulikuwa umebadilika. Najua uso ule, niliuona kwenye kioo changu cha saluni miezi ile yote nikimfikiria yeye. Alikuwa ameamini kwamba mume wangu alimfungukia yeye, kwa subira yake, kwa heshima yake, kwa kuuliza kwake vizuri, kumbe kwa mume wangu alikuwa dirisha tu la kusemea na mtu aliye ndani. Ilimchoma. Niliona ilivyomchoma, na Mungu anisamehe, nilisikia raha.

Raha yenyewe haikukaa. Mume wangu akaniuliza, "Umesikiliza mpaka mwisho?"

"Nilivivua vya masikioni pale aliposema mama ndiye anajua."

Akafumba macho. Bi Kamera akasema taratibu kwamba atasubiri nje, akatoka, akavuta mlango.

"Basi hujasikia," mume wangu akasema.

Alikaa kwenye benchi. Ilimchukua muda, plasta kwenye ndoo ikaanza kuganda. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa na maneno yangu mdomoni, nikayabana.

"Simu ilikuwa mfukoni," akasema. "Hukuwa umefika mbali. Ningepiga ungerudi. Sikupiga. Nilikuonea wivu." Hakuniangalia. "Kila kitu mama. Kiatu nimekitengeneza mimi na bado ni mama. Nikasema leo nami niweze, mara moja tu. Nikamwambia basi, jaribu wewe mwenyewe, baba akushikie mguu. Akakaa kitandani. Akafungua kamba moja moja vile ulivyokuwa unamwonyesha, ya chini kwanza. Alichoka katikati akapumzika, nikataka kumsaidia, akanipiga mkono. Akakivua. Akakidondosha chini ya kitanda, akacheka. Akasema, mwambie mama nimevua mwenyewe. Nikamwambia nitamwambia. Akalala. Ulipofika alikuwa ameshakwenda."

Kiatu kile nilikikuta chini ya kitanda siku ile. Nilidhani nesi ndiye aliyekivua.

Nilimpiga. Nilimpiga ngumi kifuani mpaka plasta ikaruka, na yeye akaniacha nimpige. Nikamwita majina ambayo siyarudii. Halafu nikajikuta nacheka, nalia na nacheka, maana nilikuwa namwona yule mtoto mkaidi, mdomo umebinuka, anampiga baba yake mkono kwa sababu anaweza mwenyewe. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, aseme alivyosema mtoto, na akasema, na sauti yake ikakatika mahali palepale.

Nilipotoka nje, Bi Kamera alikuwa ameegemea ukuta wa korido.

"Toa," nikamwambia. "Kuanzia anapoamka mpaka mwisho. Usibakize hata neno."

"Sawa," akasema. Hakuuliza sababu wala hakuomba nifikirie. Filamu yake ya mwaka mzima ilikuwa imekwenda na maji, na alitikisa kichwa kukubali tu, kama alivyofanya kwa yule dereva wa lori. Ningeweza kumheshimu kwa hilo, na siku nyingine labda nitamheshimu.

Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua hayakuanza kuwa mekundu siku ile. Mwanangu alinitumia ujumbe mmoja tu hapa duniani, na mwanamke huyu alikuwa ameshaulilia kabla yangu.